Muda wa kesi za madai na maombi ya kuongezewa muda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya watu wanaokuja kwenye ofisi yangu ya uwakili wakiwa na hukumu au samansi mkononi. Wengi wao, kabla hata ya kukaa, huuliza: "Bado nina muda?" Majibu yanahusu mashauri ya madai Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake, ila Mahakama ya Rufani inahudumia pande zote mbili.

Sheria kuu ni Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, iliyotungwa mwaka 1971. Zipo pia Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, na Kanuni za Mahakama ya Rufani za mwaka 2009. Namba za vifungu nimezitaja chache kwa makusudi. Toleo la sheria lililorekebishwa la mwaka 2023 lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2025, kwa hiyo kabla ya kunukuu kifungu kwenye maombi yako, kisome kwanza kwenye toleo hilo.

## Mambo ya msingi

Ukomo wa muda ni nini hasa?

Ni kipimo cha siku, miezi au miaka ambacho sheria imempa mtu kuchukua hatua mahakamani. Kikipita, haki yako inaweza kuwa bado ipo moyoni na hata kwenye karatasi, lakini mlango wa mahakama umefungwa. Sheria ya Ukomo wa Muda inasema wazi kwamba shauri lililoletwa nje ya muda litatupwa, hata kama upande wa pili haukulalamikia jambo hilo. Hakimu anaweza kuligundua mwenyewe na kuwauliza.

Watu huona sheria hii kama ukatili. Nimekaa pande zote mbili za meza na sioni hivyo. Aliyeshinda kesi naye ana haki ya kulala usingizi akijua kwamba mambo yamekwisha, na anayeshtakiwa baada ya miaka 15 hana tena risiti wala mashahidi wa kujitetea.

Nina muda gani wa kufungua kesi?

Inategemea unadai nini. Madai ya mkataba ni miaka 6 tangu mkataba ulipovunjwa. Madhara uliyotendewa nje ya mkataba, kama ajali au kuchafuliwa jina, ni miaka 3. Kurejesha ardhi ni miaka 12. Fidia kwa jambo lililofanywa na mtu aliyedai anatekeleza sheria ni mwaka 1 tu, na huo ndio unaowaponza wengi.

Migogoro ya kazi ina utaratibu wake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi: siku 30 kwa aliyeachishwa kazi, siku 60 kwa migogoro mingine. Mtu aliyefukuzwa kazi asisikilize ushauri wa "una miaka sita, ni mkataba". Nimeona ushauri huo ukimgharimu mtu mafao ya miaka mingi.

Nahesabu kuanzia siku gani?

Siku ya tukio lenyewe haihesabiwi. Hukumu ikisomwa tarehe 4 Machi, siku ya kwanza ni tarehe 5. Baada ya hapo siku zote huhesabiwa, Jumamosi na Jumapili zikiwemo.

Usigeuze siku kuwa miezi. Siku 30 si "mwezi mmoja" na siku 90 si "miezi mitatu". Chukua kalenda, weka alama siku moja moja, kisha mpe mtu mwingine ahesabu upya bila kumwambia ulichopata.

Siku ya mwisho ikiangukia sikukuu au mwisho wa wiki?

Mahakama ikiwa imefungwa siku hiyo, unaruhusiwa kuwasilisha siku itakapofunguliwa. Chukua hukumu ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya iliyotolewa Jumanne tarehe 4 Machi 2025. Rufaa kwenda Mahakama Kuu ni siku 45, na siku ya 45 iliangukia tarehe 18 Aprili, Ijumaa Kuu. Ikafuata Jumamosi, Pasaka yenyewe na Jumatatu ya Pasaka. Siku ya mwisho ya kweli ikawa Jumanne tarehe 22 Aprili.

Unafuu huu ni wa siku ya mwisho tu. Sikukuu zilizo katikati ya hesabu hazikuongezei kitu.

Tulikuwa kwenye mazungumzo ya kusuluhisha. Muda ulisimama?

Hapana. Mahakama zetu zimelisema hili mara nyingi: mazungumzo hayasimamishi saa. Mdaiwa anaweza kukuita kwenye vikao miaka mitano, akakunywesha chai na kukuahidi kila kitu, kisha siku ya kesi wakili wake akasimama na pingamizi la awali kwamba umechelewa.

Kinachoweza kuanzisha hesabu upya ni mdaiwa kulikiri deni kwa maandishi yaliyosainiwa, au kulipa sehemu yake. Kwa hiyo mkiwa kwenye mazungumzo, omba barua. "Nakiri kwamba nadaiwa kiasi fulani", jina, saini, tarehe. Ipate kabla muda wa awali haujaisha.

## Ukishtakiwa

Nimepokea samansi. Nina siku ngapi kujibu?

Kwa kesi za kawaida chini ya Sura ya 33, siku 21 tangu ulipopokea samansi ili kuwasilisha maelezo ya utetezi. Zinaanza siku ulipopokea wewe. Siku ulipopata wakili haina nafasi katika hesabu hiyo. Andika tarehe ya kupokea kwenye nakala yako mbele ya aliyekuletea.

Kukataa kuipokea hakusaidii. Mpeleka nyaraka ataapa kwamba ulikataa, na kesi itaendelea.

Siku 21 zimepita sijajibu. Nimekwisha?

Bado kuna mlango, lakini ni mwembamba. Tangu marekebisho ya mwaka 2019, mdaiwa anaweza kuomba kuongezewa muda kabla ya siku 21 kuisha, au ndani ya siku 7 baada ya kuisha. Akionyesha sababu ya msingi, mahakama inaweza kumpa siku nyingine 10.

Mfano: umepokea samansi Jumatatu tarehe 2 Juni 2025. Siku 21 zinaisha tarehe 23 Juni, na dirisha la kuomba linafungwa tarehe 30 Juni. Ukija tarehe 1 Julai, hata na sababu nzuri, mazungumzo yamekuwa magumu mno, kwa sababu kesi inaweza kuendelea kwa ushahidi wa upande mmoja.

Imetolewa hukumu ya upande mmoja bila mimi kuwepo. Nifanye nini?

Omba mahakama ileile iitengue, ndani ya siku 30. Utaeleza kwa nini hukuwepo: hukupewa samansi, ulilazwa, uliambiwa tarehe tofauti. Usikimbilie kukata rufaa kabla ya kufikiria njia hii, maana rufaa itahoji hukumu, wakati tatizo lako ni kwamba hukusikilizwa. Kama siku 30 zimepita, maombi yanakuwa mawili: kwanza kuongezewa muda, kisha kutengua. Sehemu ya kuongezewa muda ina maelezo yake huko chini.

## Rufaa na nakala za hukumu

Nina siku ngapi kukata rufaa?

Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya ni siku 30. Shauri hilohilo likitoka Wilaya kwenda Mahakama Kuu ni siku 30 tena. Shauri la madai lililoanzia Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi kwenda Mahakama Kuu ni siku 90. Kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kwa shauri lililoanzia hapo, ni siku 45. Kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani unaanza na taarifa ya rufaa ndani ya siku 30, kisha rufaa yenyewe ndani ya siku 60 tangu ulipowasilisha taarifa hiyo.

Anayekwambia "rufaa ni siku 90" bila kukuuliza kesi ilianzia wapi, msikilize kwa tahadhari.

Mahakama haijanipa nakala ya hukumu. Siku zinaendelea kuhesabiwa?

Kwa rufaa zinazohitaji kuambatanisha nakala ya hukumu au ya tuzo (hati fupi inayotaja mahakama imeamuru nini), sheria inatoa kwenye hesabu siku zilizotumika kuzisubiri. Mahakama ya Rufani imefafanua kwamba utoaji huo unatokana na sheria yenyewe, huna haja ya kuuombea ruhusa, ila lazima kuwe na uthibitisho wa siku ulipoomba na siku ulipopewa.

Hapo ndipo watu hujikwaa. Wanaomba kwa mdomo dirishani, wanaambiwa "rudi wiki ijayo", wanarudi mara sita, na hakuna karatasi hata moja inayoonyesha. Andika barua ya kuomba nakala siku hukumu inaposomwa au kesho yake, igongwe muhuri wa kupokelewa, nawe ubaki na nakala. Barua ya nusu ukurasa inaweza kukubebea miezi mitatu.

Na kwa rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo?

Hapa kuna mtego. Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo hailazimiki kuambatana na nakala ya hukumu, kwa hiyo "nilikuwa nasubiri nakala" halikupi siku za ziada. Mrufani mwenye busara huwasilisha sababu zake za rufaa ndani ya siku 30 kutokana na alichokisikia kikisomwa, na nakala itafuata. Nimewaona wazee wakikosa rufaa ya shamba kwa kuamini kwamba bila karatasi ya hukumu hawawezi kuanza. Inauma, kwa sababu hawakuwa wazembe. Walikuwa wanasubiri kwa utiifu.

Hati ya ucheleweshaji ni nini?

Ni hati anayoitoa Msajili wa Mahakama Kuu kwa anayekwenda Mahakama ya Rufani, ikithibitisha siku zilizotumika kuandaa mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu za yaliyofanyika mahakamani. Siku hizo zinatolewa kwenye zile 60. Ili uistahili, lazima uwe umeomba nakala kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu uamuzi, na mjibu rufaa awe amepelekewa nakala ya barua hiyo. Ukisahau kumpelekea, hati haikulindi.

Kanuni pia zinamtaka Msajili awe na nakala tayari ndani ya siku 90 tangu ulipoomba, nawe ufuatilie ndani ya siku 14 baada ya hizo 90 kama hujaitwa. Ukiletewa hati, isome tarehe kwa tarehe kabla ya kuondoka kaunta. Hati yenye tarehe zilizokosewa inaweza kuangusha rufaa nzima.

## Kuomba kuongezewa muda

Nani ana mamlaka ya kuniongezea muda?

Muda wa kufungua kesi yenyewe, ile miaka 3, 6 au 12, mahakama haina uwezo wa kuuongeza. Hakimu akikuhurumia vipi, hawezi. Sheria imempa Waziri mwenye dhamana ya sheria mamlaka ya kuongeza muda wa kufungua shauri, baada ya kushauriana na Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kwa kipindi kisichozidi nusu ya muda uliowekwa. Kwa mkataba wa miaka 6, upeo ni miaka 3 zaidi. Ukiipata amri hiyo, iambatanishe na hati ya madai.

Muda wa rufaa na wa maombi mbalimbali, hapo mahakama ina mamlaka. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Ukomo wa Muda ndicho hutumiwa zaidi, na kinaruhusu kuomba kabla ya muda kuisha au baada yake. Maombi ya kukazia hukumu, yaani kuitekeleza, yameachwa nje ya kifungu hicho. Yenyewe yana miaka 12. Mahakama ya Wilaya na Mahakama Kuu zina vifungu vyao kwa mashauri yaliyoanzia Mahakama ya Mwanzo, na Mahakama ya Rufani inatumia Kanuni ya 10.

Muda uliowekwa na hakimu mwenyewe katika amri yake, mfano "leta hoja za maandishi ndani ya siku 14", ndio mwepesi kuliko yote kuongezewa, hasa ukiomba kabla haujapita.

"Sababu ya msingi" maana yake nini?

Hakuna orodha kwenye sheria. Mwongozo unaonukuliwa karibu katika kila uamuzi unatoka katika shauri la Lyamuya Construction, Maombi ya Madai Namba 2 ya mwaka 2010, Mahakama ya Rufani. Mambo manne: mwombaji aeleze kipindi chote cha ucheleweshaji, ucheleweshaji usiwe wa kupindukia, aonyeshe bidii, si uzembe, na mahakama inaweza kuangalia sababu nyingine nzito, kama uharamu katika uamuzi unaolalamikiwa.

Sharti la kwanza ndilo linaloua maombi mengi. Mahakama ya Rufani imerudia kwamba hata siku moja ya kuchelewa lazima ielezwe.

Nitaelezaje "kila siku"? Naona kama haiwezekani.

Inawezekana, na ningependa kila mwombaji alielewe hili kuliko jambo lingine lolote kwenye ukurasa huu. Chora jedwali lenye tarehe upande mmoja, ulichofanya katikati, na karatasi inayothibitisha upande wa mwisho. Ukimaliza jedwali ndipo uandike kiapo, yaani maelezo ya maandishi unayoyaapia kuwa kweli.

Turudi kwenye mfano wa Pasaka hapo juu: siku ya mwisho ilikuwa tarehe 22 Aprili 2025. Tuseme umewasilisha maombi Jumatatu tarehe 12 Mei. Umechelewa siku 20, kuanzia tarehe 23 Aprili. Kiapo dhaifu kitasema: "Niliugua sana mwezi Aprili, na nilipopata nafuu nilitafuta wakili." Kimekwisha hicho.

Kiapo imara kitasema: nililazwa tarehe 14 Aprili na kuruhusiwa Ijumaa tarehe 2 Mei, hati ya kuruhusiwa imeambatanishwa. Tarehe 3 na 4 zilikuwa Jumamosi na Jumapili. Tarehe 5 Mei nilikwenda kwa wakili na kumkabidhi nyaraka, fomu ya maelekezo imeambatanishwa. Tarehe 6 hadi 8 wakili alisoma jalada na kuandaa maombi. Tarehe 9 niliapa mbele ya kamishna wa viapo. Tarehe 10 na 11 zilikuwa mwisho wa wiki. Tarehe 12 maombi yakawasilishwa. Kila siku ina kazi yake, na msomaji haachiwi pengo la kuuliza.

Usiache tupu kipindi cha kabla ya siku ya mwisho pia. Jaji anaweza kuuliza: kuanzia tarehe 5 Machi hadi 13 Aprili, ulipokuwa mzima, ulikuwa unafanya nini? Barua ya kuomba nakala ni jibu zuri.

Kitu kingine: kiapo ni cha yale uyajuayo mwenyewe. Ukiandika "karani wa mahakama aliniambia jalada halionekani" au "mwanangu ndiye aliyepokea samansi", anayetajwa naye anapaswa kuapa. Bila kiapo chake, mahakama italichukulia jambo hilo kama uvumi.

Nilikuwa naumwa. Inatosha?

Ugonjwa ni sababu inayokubalika, ukithibitishwa na ukalingana na tarehe. Karatasi ya kliniki ya siku moja haiwezi kufunika miezi minne. Na vyeti vinavyoonyesha kwamba uliugua mwezi ambao muda ulikuwa bado haujaisha havielezi mwezi uliofuata.

Wakili wangu ndiye aliyezembea. Niadhibiwe mimi?

Kwa kawaida ndiyo. Msimamo wa mahakama ni kwamba uzembe wa wakili si sababu ya msingi, na mteja ana wajibu wa kufuatilia kesi yake. Zipo nafasi chache ambapo mteja alionyesha kwa ushahidi kwamba alifuatilia kwa bidii na kudanganywa, lakini usizijengee matumaini makubwa. Mpigie wakili wako, mwandikie ujumbe, tunza majibu yake. Sisi mawakili hatupaswi kukasirika tukiulizwa kesi imefikia wapi.

Sikujua sheria, na sikuwa na fedha.

Kutojua sheria hakukubaliwi. Ukosefu wa fedha nao kwa kawaida haukubaliwi, ingawa mwenye uthibitisho kwamba alikuwa akihangaikia msaada wa kisheria tarehe fulani hadi fulani ana jambo la kuweka kwenye jedwali lake. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wasaidizi wa kisheria wanatambulika rasmi. Waone mapema, na uombe barua inayoonyesha siku uliyofika.

Rufaa yangu iliondolewa kwa kasoro za kisheria, na sasa muda umepita.

Huu huitwa ucheleweshaji wa kiufundi. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 1997, mtu aliyeleta shauri lake ndani ya muda, likaondolewa kwa sababu ya kasoro, hahesabiwi sawa na aliyelala nyumbani. Kipindi shauri la kwanza lilipokuwa mahakamani kinasamehewa kwa urahisi.

Lakini siku zinazofuata baada ya kuondolewa hazisamehewi. Omba nakala ya amri siku hiyohiyo, na maombi mapya yaingie ndani ya siku chache. Angalia pia neno lililotumika kwenye amri. "Limeondolewa" lina njia ya kurudi. "Limetupwa" kwa kupitwa na muda linamaanisha huwezi kulileta tena pale. Njia yako ni kwenda mahakama ya juu.

Hukumu yenyewe ina uharamu. Hiyo si sababu tosha?

Inaweza kuwa. Mwaka 1992, katika shauri la Katibu Mkuu wa Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba hoja ya uharamu wa uamuzi unaolalamikiwa ni sababu ya kuongeza muda, ili hoja hiyo ichunguzwe. Tangu hapo kila mwombaji anaandika neno "uharamu" kwenye kiapo chake, na mahakama imeweka mipaka: uharamu lazima uonekane usoni mwa jalada, bila kuhitaji mabishano marefu.

Mahakama isiyokuwa na mamlaka, au mtu aliyeamuliwa bila kusikilizwa kabisa, hayo yanaonekana. "Hakimu hakupima ushahidi vizuri" ni sababu ya rufaa tu.

Upande wa pili hauna pingamizi. Au nitumie Katiba, Ibara ya 107A?

Makubaliano ya pande mbili hayaongezi muda. Mpinzani asipopinga maombi inasaidia, lakini mahakama bado lazima iridhike na sababu.

Ibara ya 107A inazitaka mahakama zisifungwe kupita kiasi na masharti ya kiufundi, na mwaka 2018 ikaongezwa kwenye sheria kanuni ya lengo kuu, yaani kutanguliza haki mbele ya masharti ya kiufundi, ambayo mawakili wengi wanaiita kanuni ya oksijeni. Zote mbili zimejaribiwa kwenye masuala ya muda, na jibu limekuwa kwamba ukomo unagusa mamlaka ya mahakama kusikiliza shauri, hivyo oksijeni haiufikii.

## Hali za pekee

Baba alifariki zamani, nimeteuliwa msimamizi wa mirathi mwaka huu. Miaka 12 ya ardhi inaanza lini?

Jibu hili huwaumiza watu wengi. Kama marehemu alikuwa akiimiliki na kuishika ardhi hadi kifo chake, sheria inahesabu tangu siku ya kifo. Siku ya kuteuliwa kwako haianzishi hesabu mpya. Familia inayokaa miaka 14 ikisema "tutafungua mirathi watoto wakikua" inaweza kukuta jirani aliyesogeza mpaka amelindwa na ukomo.

Kuomba usimamizi wa mirathi kwenyewe hakufungwi namna hiyo. Ukichelewa zaidi ya miaka 3 tangu kifo, maombi yako yanatakiwa yaeleze kwa nini. Hapo ndipo watu huchanganya: wanaona mirathi imepokelewa, wanadhani na ardhi iko salama.

Mdai alikuwa mtoto, au alikuwa na maradhi ya akili. Na kama nilidanganywa nisijue?

Kwa mtoto na mwenye maradhi ya akili, muda unaanza hali hiyo inapokoma. Kwa ulaghai, unaanza siku ulipougundua, au siku ambayo mtu mwenye uangalifu wa kawaida angeugundua. Hati ya madai lazima itaje waziwazi msamaha unaoutegemea na mambo yanayouunga mkono, la sivyo itasomeka kama shauri lililochelewa tu.

Nataka kuishtaki Serikali au halmashauri.

Kwanza toa notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, utaratibu huo unazihusu pia serikali za mitaa na taasisi nyingine za umma, na Mwanasheria Mkuu anaunganishwa kwenye kesi. Notisi ichukulie kama sehemu ya muda wako: anayebakiwa na miezi miwili kabla ya ukomo amekwishachelewa kuianza. Ukifungua kesi kabla ya siku 90 kuisha, itaondolewa.

Mfumo wa mtandao wa mahakama ulikwama usiku wa siku ya mwisho.

Kanuni za mwaka 2018 za kuwasilisha nyaraka kwa njia ya mtandao ziliruhusu waraka uliotumwa kabla ya saa sita usiku uhesabiwe wa siku hiyo. Lakini pamekuwa na mabishano mengi mahakamani kuhusu waraka uliotumwa leo na ada ikalipwa kesho kutwa. Usijiingize humo: pata namba ya malipo, lipa siku hiyohiyo, tunza risiti.

Mfumo ukikwama, piga picha ya skrini inayoonyesha tarehe na saa, jaribu tena na upige picha tena, na asubuhi ya siku ya kazi inayofuata mwandikie msajili au hakimu mfawidhi. Barua hiyo na picha hizo ndizo zitakazojaza mstari wa siku hiyo kwenye jedwali lako.

Mahakama Kuu imekataa kuniongezea muda wa taarifa ya rufaa. Imekwisha?

Unaweza kuomba tena Mahakama ya Rufani ndani ya siku 14 tangu uamuzi huo. Atasikiliza jaji mmoja. Naye akikataa, unaweza kuomba suala liangaliwe na majaji watatu, ndani ya siku 7. Ngazi ya kwanza lazima iwe Mahakama Kuu. Hupandi moja kwa moja.

Nimeongezewa muda. Rufaa yangu imefunguliwa?

Hapana, na kosa hili nimelishuhudia zaidi ya mara moja. Amri inakuruhusu tu kuwasilisha. Mwombe jaji ataje idadi ya siku na siku zinapoanzia, mfano siku 14 tangu uamuzi, kisha wasilisha rufaa yenyewe ndani ya siku hizo na utaje amri hiyo kwenye nyaraka zako.

Kumbuka pia kwamba kuongezewa muda hakuzuii mshindi kukazia hukumu. Ukiletewa notisi ya kukazia hukumu huku umeshawasilisha taarifa ya rufaa Mahakama ya Rufani, maombi ya kusimamisha utekelezaji yana siku 14 tangu ulipopokea notisi hiyo. Weka alama kwenye kalenda siku hiyohiyo dalali wa mahakama anapoondoka mlangoni.